Halali, Herufi Sita

Kitengo cha kusafisha damu kina viti 12 na runinga moja. Baba hukalia kiti cha nne kutoka mlangoni, kila Jumatano na kila Jumamosi, kwa muda wa saa nne. Jumatano huenda na Shangazi. Jumamosi ni zamu yangu: Ijumaa usiku napanda basi Nairobi, alfajiri nashuka Mombasa, na kabla hata ya chai nanunua gazeti la Kiingereza la wikendi. Habari zake tumekwisha kuzisoma kwenye simu. Tunalinunua kwa ajili ya ukurasa mmoja wa ndani, wenye miraba myeupe na myeusi.

Mkono wa kushoto wa Baba ndio wenye sindano mbili, kwa hiyo hausogezwi. Wa kulia ni huru lakini hauna pa kuegemea. Basi mimi nalishika gazeti juu ya kibao cha kukatia mboga tulichokitoa nyumbani, naye anashika kalamu. Wauguzi wamekizoea kibao hicho. Mmoja alituuliza mara ya kwanza kama tunakuja kupika.

Chemshabongo ninayoizungumzia si ile inayokuuliza mto mrefu kuliko yote Afrika. Ile ukijua umejua, usipojua umekwama. Hii yetu ni ya mafumbo. Kila kidokezo ni sentensi fupi inayosomeka kama habari ya mtu fulani anayefanya jambo fulani, na mwishoni pana mabano yenye idadi ya herufi za jibu. Habari yenyewe ni geresha. Hakuna mtu wala jambo. Kuna maneno tu, na kila neno lina kazi.

Baba alinifundisha nikiwa darasa la sita. Alisema kidokezo ni nyumba yenye milango miwili. Mlango wa mbele ni maana ya jibu, na siku zote huwa mwanzoni au mwishoni mwa sentensi, haukai katikati. Mlango wa uani ni mchezo wa herufi: neno limevurugwa, au limefichwa ndani ya mengine, au limegeuzwa, au limeungwa kwa vipande. Ukiingia kwa mbele, kisha ukaingia kwa uani, na ukajikuta umesimama katika chumba kile kile, umepata. Huhitaji kumwuliza mtu.

Mfano alioanzia ni neno "flower". Kila mwanafunzi analijua: ni ua. Lakini kutiririka kwa Kiingereza ni "flow", na ukikipa kitenzi hicho tamati ya mtendaji unapata kitu kinachotiririka, kilichoandikwa vile vile. Kwa hiyo mtegaji akikutajia ua la London, huenda anautaka mto Thames. Nilipoelezwa hivyo nilisema huo ni wizi.

"Si wizi," Baba alisema. "Ni halali. Yeye kasema kweli tupu. Wewe ndiwe uliyesikia ua."

Neno hilo, halali, ndilo alilolitumia tangu hapo. Alikuwa karani wa mizigo bandarini kwa miaka 31, na mchezo huu aliokota kwenye magazeti yaliyoachwa na mabaharia katika miaka ya 80. Hakuwa na mwalimu. Alikuwa akisubiri gazeti jingine lije na meli nyingine ili aone kama majibu yake ni sahihi, na mara nyingi halikuja. Ndiyo maana alihitaji fumbo lenye ushahidi wake ndani. Kidokezo ambacho kila neno lake lilikuwa na sababu ya kuwepo kilikuwa halali. Chenye neno la ziada la kupamba tu kilikuwa makuruhu. Ambacho hata ukishaoneshwa jibu huoni njia ya kulifikia kilikuwa haramu, naye alikipiga mstari mwekundu.

Baadaye nilikuja kugundua kuwa Waingereza wenyewe walibishana miaka mingi juu ya jambo hilo hilo. Chemshabongo ya kwanza ilitoka New York mwezi Desemba 1913, kazi ya Arthur Wynne, na vidokezo vyake vilikuwa vya moja kwa moja. Uingereza ndiyo iliyoitia mafumbo. Kuanzia 1926 gazeti la Observer lilikuwa na mtegaji aliyejiita Torquemada, jina la mkuu wa mahakama ya dini ya Hispania iliyotesa watu. Alikuwa mkali kweli, na hakujali sana kama msomaji ana njia ya kutokea. Aliyemrithi mwaka 1939 alijiita Ximenes, jina la mkuu mwingine wa mahakama hiyo hiyo, lakini yeye alitaka sheria, na mwaka 1966 akachapisha kitabu kizima kuhusu haki baina ya anayetega na anayetegua. Katikati yao alikuwapo mwingine aliyejiita Afrit. Baba alifurahi sana kusikia hilo, maana afriti Mombasa tunamjua. Afriti huyo alishikilia kwamba mtegaji ana ruhusa ya kukupoteza, mradi maneno yake, yakishasomwa moja moja, yawe yamesema kile hasa kilichomo.

"Hata jini ana adabu kuliko baadhi ya watu," Baba alisema.

Mwanzoni gazeti lilitutosha. Lakini kadiri tulivyozoea mkono wa mtegaji wake, tulianza kumaliza baada ya saa mbili na nusu, na mashine bado ikawa na saa moja na nusu ya kuzunguka. Baba hawezi kujaza muda huo kwa chai, kwa sababu maji anayoruhusiwa kunywa kwa siku yamepimwa. Hawezi kulala, kwa sababu ya mzee wa kiti cha tano, ambaye hukoroma kwa niaba ya wote. Hapo ndipo tulipoanza kutega vya kwetu, kwa Kiswahili, pembezoni mwa gazeti.

Cha kwanza alichoniandikia kilikuwa hiki: *Keti juu ya kipande cha moto, ewe mtembea upande (3)*. Nilikipata kabla hajaweka nukta. Kaa ni kuketi, kaa ni la moto, kaa ni wa pwani mwenye magando. Milango mitatu, nyumba moja. Nami nikampa: *Mnyama juu ya nyumba (3)*. Paa. Tukasema hii ni rahisi mno. Kiswahili kimejaa maneno ya aina hiyo, panda, ua, kata, mbuzi, na mtu anaweza kuyachezea mpaka mashine izime.

Ugumu ulianza tulipotaka kuvuruga herufi. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, na kila silabi inataka irabu yake, kwa hiyo ukivuruga herufi ovyo unapata takataka. Tulitumia Jumamosi mbili kugundua kwamba herufi m, i, l na a zina ukarimu wa ajabu: lima, mali, mila, lami, imla. *Lima vibaya, upate desturi (4)*. *Lima kinyume, upate utajiri (4)*. Hicho cha pili Baba alikibishia. Alisema neno lima likisomwa kutoka mwisho ni "amil", si mali. Nikamwambia kwa Kiingereza ndiyo, wao hugeuza herufi. Sisi hugeuza silabi. Li-ma, ma-li.

Alinyamaza, halafu akasema, "Kinyume. Umesema kinyume chenyewe."

Watoto wa pwani wa umri wake walikuwa na kinyume chao, usemi wa kuchukua silabi ya mwisho na kuitanguliza mbele ili wakubwa wasielewe. Si jambo la jana. Edward Steere alikieleza kinyume katika kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja, kilichochapishwa 1870, zaidi ya miaka 40 kabla ya chemshabongo ya New York. Na Mombasa hii ndiyo ya Muyaka bin Haji, aliyejibizana na washairi wenzake kwa mafumbo. Ndiyo ya kanga pia: mwanamke hakumwambia jirani yake neno, alijifunga kanga yenye maandishi na kupita mbele ya baraza. Kutega na kutegua hakukuletwa na meli. Kilicholetwa na meli ni miraba.

Baba alikaa kidogo, kisha akasema, "Basi kuna jingine. Da-mu. Mu-da." Akaangalia mrija mwekundu unaotoka mkononi mwake na kurudi, hakuongeza kitu, nami sikuongeza. Hatukukiandikia kidokezo siku hiyo.

Sasa niseme jambo ambalo nyumbani lilikuwa halisemwi. Mwezi Agosti nilipimwa damu Nairobi, na kundi langu likaonekana linaoana na la Baba. Daktari alinieleza kwamba hiyo ni hatua ya kwanza tu kati ya nyingi kabla mtu hajaweza kumpa mwenzake figo. Nilimwambia Shangazi. Shangazi alimwambia Baba, kama nilivyotarajia. Baba hakuniambia kitu. Nilipompigia simu nikamwuliza, alisema, "Tutaona, mwanangu," halafu akaniuliza kama Nairobi kuna baridi.

Marafiki zangu walinishauri niseme naye wazi. Kizazi chetu kinaamini sana katika kusema wazi, nami naamini pia, lakini ukweli ni kwamba niliuliza wazi mara tatu, na mara zote nikapata tutaona. Swali la wazi lilimpa mlango mmoja tu, naye akausimamia. Wako watu ambao ukiwaelekea uso kwa uso wanakuwa wapole na hawapatikani. Baba ni mmoja wao. Hata marehemu Mama alipougua, alichokuwa akimwambia kila jioni ni bei ya samaki.

Mwezi Novemba nilimsomea habari za John Graham. Alikuwa kasisi wa Kianglikana, na alilitegea gazeti la Guardian mafumbo tangu mwaka 1958. Wasomaji walimjua kwa jina la Araucaria, jina la kitaalamu la mti mmoja wa Amerika Kusini. Mwezi Januari 2013, akiwa na miaka 91, gazeti lilitoa chemshabongo yake yenye maelezo mafupi juu. Alisema kwamba yeye mtegaji ana kitu fulani mahali fulani, na kwamba anapewa matibabu fulani, lakini badala ya kuvitaja aliweka namba za vidokezo. Ili ujue, ilibidi ujaze. Waliojaza walipata saratani. Wakapata umio, bomba la kupitishia chakula. Wakapata uangalizi wa kumpunguzia mgonjwa maumivu, ule ambao haulengi tena kuponya. Kwenye miraba mingine walikuta muuguzi, na machweo. Alifariki Novemba mwaka huo huo.

Fikiria watu waliokuwa wamekaa na chai yao Ijumaa hiyo, herufi moja baada ya nyingine, wakifikishwa kwenye habari ya rafiki yao kwa mikono yao wenyewe. Angeweza kuandika barua kwa mhariri, na ingesomwa kwa dakika moja. Yeye aliwaachia waijue kwa mwendo wao. Aliyetaka kuacha kalamu katikati angeweza kuiacha.

Baba alisikiliza hadi mwisho. Aliuliza swali moja. "Vidokezo vyake vilikuwa halali?"

Nikamwambia kila neno lilikuwa na kazi.

"Basi hakuwaficha," alisema.

Nimelifikiria sana jibu hilo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia gazeti la Daily Telegraph liliandaa shindano la chemshabongo, Januari 1942, ya kumalizwa kwa chini ya dakika 12, na baadhi ya walioshiriki waliitwa baadaye kwenda Bletchley Park kuvunja maandishi ya siri ya Wajerumani. Kwa hiyo watu huzichanganya kazi hizo mbili, nazo hazifanani. Maandishi ya siri hutungwa kwa matumaini kwamba huyatambui kamwe. Fumbo hutungwa na mtu anayekungoja upande wa pili. Kimya hufanana na ya kwanza. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua, na watu husoma methali hiyo kama dharau kwa mjinga. Mimi naisoma kwa upande wa anayefumba. Naye anataka kung'amuliwa, la sivyo angenyamaza.

Jumamosi iliyofuata tulimaliza gazeti mapema. Baba akavuta kibao upande wake, akaandika pembezoni, taratibu, kwa mwandiko wake wa vitabu vya bandari: *Nilipo, pamoja na: jibu langu kwako (6)*.

Nilianzia mlango wa uani, kwa sababu wa mbele niliuogopa. Mahali alipo msemaji ni hapa. Pamoja na ni na. Hapa, na. Nikaziandika herufi sita chini ya kidokezo chake, zikaungana zenyewe.

Hapana.

"Ni halali?" aliuliza. Alikuwa akiitazama runinga.

Niliangalia kila neno. Hapakuwa na la ziada. "Ni halali," nilisema.

Lilikuwa jibu lake la kwanza tangu Agosti. Liliniuma, na pia lilinituliza, kama vile mtu aliyekuwa akipapasa ukuta gizani anavyotulia akiugonga mlango, hata ukiwa umefungwa. Niliendelea kulitazama neno. Mlango wa mbele ulisema alichotaka kusema. Wa uani ulisema hapa, na, halafu ukakatika, kama sentensi ambayo mwenyewe hakuimaliza. Hapa na nani? Sikumwuliza. Mtegaji haulizwi hivyo. Ila kidokezo hicho angeweza kukijenga kwa njia nyingine, na hakufanya.

Nikachukua kalamu. Nikaandika chini yake: *Damu kwa kinyume: ndicho ninachokuomba (4)*.

Alijua jibu papo hapo, niliona. Kalamu ndiyo iliyochelewa. Sista alipita akaangalia namba za mashine, akabonyeza kitu, akaenda kwa mzee wa kiti cha tano. Kisha Baba akaandika, M, U, D, A, na ile A ya mwisho akaipitia mara mbili.

"Kiasi gani?" alisema.

"Mpaka umsikilize daktari. Mimi nikiwepo."

"Kusikiliza tu."

"Kusikiliza tu, Baba."

"Baada ya mfungo," alisema, na akaomba asogezewe mto.

Mfungo ulipokwisha tulikwenda. Daktari alieleza kwa dakika 40: vipimo vilivyobaki, hatari kwangu, hatari kwake, miaka ambayo figo la mtu aliye hai linaweza kumpa mgonjwa na miaka ambayo halina uhakika wa kumpa. Baba alikuwa na daftari. Aliuliza maswali matano, na manne kati yake yalikuwa juu yangu: kama nitaweza kuzaa, kama nitaweza kubeba mizigo, nitabaki na nini mwilini, nani atanipikia. Hapo nilielewa hapana yake ilikuwa imejengwa kwa nini. Hakusema ndiyo. Hapana hakuirudia. Vipimo vyangu vinaendelea, na kimoja kikikataa, mjadala wote utakuwa umejiishia bila sisi.

Siku za katikati ya wiki huniletea vidokezo kwa ujumbe wa sauti, kwa sababu herufi za simu anaziona ndogo. Husoma polepole, akitaja mabano kama sehemu ya sentensi: "mabano, tano, funga mabano." Nikishindwa, hanipi jibu bure. Hufuata sheria ya vitendawili tuliyoifuata nikiwa mtoto: hudai mji. Nikimpa Malindi, atasema amekwenda Malindi, amekula nazi za Malindi, amelala, ameamka, na jibu ni hili. Mji ukishatolewa, fumbo limekwisha.

Alhamisi alinitegea kimoja cha herufi tano. Nimekizungusha kwenye basi, kazini, hata usiku nikiwa macho. Mlango wa mbele nadhani nauona, wa uani bado. Jana alipiga simu akauliza kama nimechoka, kama niko tayari kumpa mji.

Nikamwambia bado.

"Haya," alisema. Nilimsikia akicheka. "Mimi nipo."